DENI LA SIKU ZA KUFUNGWA
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa Jumuiya, Kikagate

 



Katibu wa Jumuiya aliponiletea habari kwamba mwaka huu kitachapwa kitabu cha kumbukumbu, nilidhani nitaombwa niseme juu ya ujenzi wa msikiti au maendeleo ya madrasa, kama ilivyo desturi ya vitabu vya namna hii. Badala yake aliniambia: Sheikh, sema juu ya madeni ya siku za Korona, maana watu bado hawasalimiani. Nami nikaona amesema kweli. Wamo baina yetu watu wawili waliokuwa wakila sahani moja, na leo mmoja akimwona mwenzake anatoka msikitini kwa mlango wa mbele, yeye hutokea mlango wa kutawadhia. Sababu si uadui wa dini wala wa kabila. Ni kodi ya miezi mitano ya chumba cha duka, iliyobaki bila kulipwa wala kusamehewa wala kuzungumzwa.

Yaliyotokea kila aliye hapa aliyaona kwa macho yake, ila watoto waliozaliwa baadaye, na hao ndio watakaokisoma kitabu hiki sisi tukiwa hatupo. Kwa ajili yao nitaeleza kwa ufupi. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa ibada za mikusanyiko, misikitini na makanisani. Siku chache baadaye mgonjwa wa kwanza akaonekana nchini. Mipaka ikafungwa kwa wasafiri. Tarehe 25 Machi magari ya abiria yakasimamishwa. Na tarehe 30 Machi ikatangazwa amri kubwa, hata gari la mtu binafsi lisitembee, maduka yasiyo ya chakula na ya dawa yasifunguliwe, na mtu asionekane nje tangu saa moja ya usiku hadi saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Amri ilikuwa ya siku 14, ikaongezwa siku 21, kisha ikawa inalegezwa kidogo kidogo. Na nchi ilipoanza kulegezewa mwezi wa Mei, wilaya za mpakani ziliachwa nyuma, nasi wa Isingiro tulikuwa miongoni mwao. Ramadhani ya mwaka ule tuliswali tarawehe majumbani, na Idi ya tarehe 24 Mei kila baba aliwaswalisha watoto wake uani. Misikiti ilifunguliwa mwezi wa Septemba, kwa watu wasiozidi 70. Tukadhani yamekwisha, kumbe tarehe 18 Juni 2021 tukafungiwa tena siku 42. Shule ndizo zilizokawia kuliko vyote, kwani hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Hapa Kikagate palikuwa na jambo ambalo wenzetu wa Mbarara hawakulionja. Ng'ambo ya mto Kagera, Murongo, hapakufungwa. Serikali ya Tanzania ilifunga shule kwa muda, lakini haikufunga maduka wala misikiti. Kwa hiyo mfanyabiashara wa huku aliyekuwa amechukua mzigo kwa deni kutoka kwa mwenzake wa kule alijikuta katika hali ya ajabu: mdai yuko wazi anauza na anataka fedha yake, mdaiwa mlango wake una kufuli, na daraja katikati yao mtu havuki, lori la mizigo tu. Mmoja akisema hakuna biashara, wa pili haamini, maana kwake biashara ipo. Ugomvi mwingi wa siku zile ulitokana na hilo, kwamba kila mtu alimpima mwenzake kwa hali ya upande wake.

Sasa basi, neno ninalotaka kulisema ni hili. Mlango ulifungwa, lakini mwezi haukufungwa. Tarehe moja ilikuja kama kawaida yake, na kila tarehe moja ilileta bili ya maji, kodi ya nyumba, mshahara wa mlinzi, rejesho la benki, ada ya mwalimu. Na watu wengi walisikia matangazo ya serikali kila mmoja kwa sikio la haja yake. Ilisemwa kwamba wakati wa kufungwa maji na umeme visikatwe kwa sababu ya kutolipwa. Mtu akafahamu kwamba havitalipwa. Ilisemwa kwamba mwenye nyumba asimtoe mpangaji. Mpangaji akafahamu kwamba amesamehewa kodi. Wala hayakusemwa hayo. Lililosemwa ni kungoja. Na kungoja na kusamehe ni vitu viwili, na katika dini yetu kila kimoja kina hukumu yake. Kumpa muda mdaiwa aliyedhikika ni wajibu, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Al-Baqara. Kumsamehe ni sadaka, na hapo hapo tumeambiwa kuwa ndiyo bora. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Mdaiwa hawezi kujitolea mwenyewe sadaka kutoka katika mali ya mwenzake, kisha akanyamaza kimya miaka mitano.

Nianze na maji na umeme, ambayo hayana mjadala mrefu. Mjini Mbarara maji ya Shirika la Taifa huja kwanza, bili ikafuata. Nyumba zilizokuwa na watu wanne mchana zilikuwa na watu kumi na mmoja mchana na usiku, kwa kuwa watoto wamerudi kutoka shule na vijana hawana pa kwenda, na kila mtu aliambiwa anawe mikono mara nyingi. Mita ikahesabu. Watu waliokuja kuonyeshwa bili ya miezi kadhaa kwa mara moja walipiga kelele kwamba wameibiwa; pengine wapo walioandikiwa vibaya, lakini wengi waliyatumia yale maji. Maji uliyoyatumia ni deni, hata kama ulitawadhia.

Umeme una habari nyingine. Wengi wetu tuna mita za Yaka, zilizoanza kuletwa mwaka 2011. Neno hilo ni la Kiganda, na Mswahili hana taabu kulifahamu, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu waka. Nasi tulilipa fadhila, kwani kampuni iliyogawa umeme nchini tangu mwaka 2005 hadi mwisho wa Machi 2025 ilijiita kwa Kiswahili, Umeme. Kwa Yaka mtu hununua kwanza, hupewa tarakimu 20, huzibonyeza, ndipo taa iwake. Hapana deni linalomfuata mtu. Asiye na fedha hukaa gizani tangu usiku wa kwanza. Kwa hiyo ile amri ya kutokata haikumfaa mwenye Yaka kitu, kwa sababu hakuna aliyemkatia. Ni mfuko wake uliokatika. Msikiti wetu nao ulikuwa katika hali hiyo. Hatukuswali jamaa, lakini adhana ilikuwa inaadhiniwa na mlinzi alihitaji taa, na sanduku la Ijumaa halikuwa na mtu wa kutia hata shilingi. Walioiwasha taa ile ni watu waliotuma kwa simu shilingi 2,000, 5,000, na mmoja wao ni mama anayeuza mandazi, ambaye biashara yake ilikuwa imesimama. Mwanzoni MTN na Airtel ziliondoa ada kwa fedha ndogo zisizozidi shilingi 30,000, jambo lililosaidia sana wala halikudumu. Ile kodi ya serikali ya nusu shilingi kwa kila mia katika kutoa fedha ilibaki pale pale. Leo mto huu wetu una kituo cha umeme cha megawati 14, kilichozinduliwa tarehe 25 Mei 2023 na Rais Museveni pamoja na Rais Samia Suluhu Hassan. Twafurahi. Lakini hata aliye karibu nao kiasi cha kusikia maji yakinguruma, tarakimu 20 atazinunua kama mtu wa Kampala.

Juu ya mikopo ya benki nitapita haraka, maana elimu yangu ya shule ni ya msingi na hesabu zao ni nyingi. Benki Kuu iliruhusu, tangu tarehe 1 Aprili 2020 kwa muda wa miezi 12, mabenki yawapangie upya marejesho wale waliopatwa na shida. Waliokwenda kuomba walipewa nafasi, waliojificha hawakupewa. Na wengi wa waliopewa nafasi waligundua baadaye kwamba rejesho lilisimama lakini riba haikusimama, ikazidi kupanda juu ya mgongo wa mtu aliyelala. Wakati ule Uganda haikuwa na benki ya Kiislamu hata moja; Salaam Bank ilipata leseni yake mwezi wa Septemba 2023. Atakayekopa sasa na aulize kabla ya kutia sahihi: zikifungwa biashara, deni hili litakuwaje?

Nakuja kwenye kodi ya duka, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo palipo na donda.

Mwenye chumba asema: chumba changu kilikuwa na mali yako, ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, sikuweza kumpa mtu mwingine, nilipe. Mpangaji asema: nilikodi mahali pa kuuzia, si mahali pa kufungia, sikuuza, nilipe nini? Na wote wawili wana haki ya kusema. Mwenye chumba katika mji wetu si tajiri. Mara nyingi ni mjane aliyeachiwa vyumba vitatu na marehemu, ndivyo chakula chake na dawa yake ya shinikizo la damu. Watu husema mwenye nyumba kana kwamba wamesema sultani.

Wanavyuoni wa zamani hawakuijua Korona, lakini waliijua baridi iletayo maangamizi, na nzige, na mafuriko. Katika mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, imo habari ya mtu anayeuza matunda yakiwa mtini, kisha likashuka balaa likayaharibu kabla mnunuzi hajayachuma. Mtume akafundisha kwamba mnunuzi apunguziwe, kwa kuwa muuzaji atachukua kwa haki gani fedha ya kitu ambacho mwenzake hakukipata? Imamu Malik akaona kwamba hasara ikifika theluthi, punguzo ni lazima. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani na bara, katika kauli yake ya mwisho aliona punguzo hilo ni jambo lipendezalo, wala si la kulazimisha. Nawaelezeni hitilafu hiyo ili mtu asinyanyuke hapa akaenda kumshika mwenzake shati, akidai Sheikh amesema. Tunda na chumba havilingani kwa kila hali, na kadhi makini angetaka kuona mkataba, naye atauliza mlikubaliana nini.

Lakini kwa kuwa wengi wetu hatuna mkataba ila maneno ya mdomo, nitasema ninavyoona mimi. Aliyekodi nyumba ya kulala na akalala humo usiku wote wa kufungwa, huyo anadaiwa kodi kamili. Manufaa aliyapata, tena kuliko mwaka mwingine wowote, maana alilala na mchana. Atapewa muda, basi. Aliyekuwa na duka la chakula au la dawa, ambalo amri iliruhusu lifunguliwe, naye akauza, huyo hana udhuru wa kufungwa. Akisema wateja walipungua, aseme hivyo, asiseme alifungiwa. Aliyekuwa na duka la nguo, au kinyozi, au fundi cherehani, mlango wake ulifungwa kwa amri ambayo yeye na mwenye chumba wote hawakuitoa. Huyo na mwenye chumba wagawane hasara. Kama bidhaa zake zilikuwa ndani zimehifadhika, na akaja kuziuza baadaye, basi chumba kilimfaa kama ghala, na kodi ya ghala ni ndogo kuliko kodi ya duka, lakini si bure. Wakubaliane nusu, au theluthi. Watakavyoridhiana wenyewe ni bora kuliko nitakavyowahukumu mimi. Na aliyerudisha ufunguo mapema akasema siwezi tena, huyo asidaiwe kwa miezi aliyokuwa hayumo. Wapo waliofanya hivyo, na bado wanadaiwa.

Nakivale ina sura nyingine. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1958, na leo wamo humo ndugu kutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na mahali pengi Kiswahili ndicho wanachokutania. Biashara ya Nakivale ni ya daftari. Mwenye duka anakuandikia sukari, unga, mafuta ya kupikia na sabuni, nawe unamlipa siku ya mgao. Mambo haya yaliendana vizuri kwa miaka. Lakini mwezi wa Aprili 2020, wakati ule ule biashara zilipofungwa, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30 kwa sababu ya upungufu wa fedha. Waliokuwa wakipokea shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi wakawa wanapokea 22,000. Mwezi wa Februari 2021 ukapunguzwa tena hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Kibarua cha shambani na cha kubeba mizigo kilikuwa kimepotea. Kwa hiyo daftari likajaa. Mwenye duka wa Kisomali au wa Kikongo aliendelea kuandika, kwa kuwa hakuweza kumwambia mama mwenye watoto sita arudi mikono mitupu, naye mwenyewe anadaiwa na muuzaji wa jumla wa Mbarara, aliyekuwa anadaiwa na wa Kampala. Ukilifuata deni la kilo moja ya sukari utafika mbali sana.

Na kabla madaftari yale hayajafutwa, mwaka 2025 yakaja mengine: wakimbizi wapatao milioni moja nchini waliondolewa katika orodha ya wapewao chakula, tena kwa upungufu wa fedha. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya deni la mwaka 2020 huko Nakivale, sizungumzi na mtu aliyekwisha pona. Nazungumza na mtu aliyepigwa tena kidonda kikiwa kibichi. Huyo ndiye aliyedhikika ambaye Qurani imeamrisha apewe nafasi, na mdai anayemfuata kila asubuhi akimpigia kelele mbele ya wanawe anapunguza thawabu zake mwenyewe. Hata hivyo na mdaiwa naye ajue jambo: kunyamaza kwake kunamtesa mwenye duka kuliko kukosa fedha. Mtu akija akasema, deni lako nalikumbuka, ni shilingi 86,000, leo nina 2,000, shika, basi moyo wa mdai hutulia, hata kama hesabu itakwisha baada ya miaka. Sura hiyo hiyo ya Al-Baqara imetuamrisha tuandikiane madeni mbele ya mashahidi, deni dogo na kubwa. Na hekima yake tumeiona siku hizi, kwa kuwa daftari ambalo mmoja huandika na mwingine haoni limezaa maneno mengi. Tuandike nakala mbili. Karatasi ni shilingi mia.

Nitaje na malipo ya watu wa kazi, ambao hawana duka wala daftari. Mlinzi wa usiku hakufungwa. Alilinda maduka yenu mkiwa mmelala, katika usiku ambao mtu akionekana nje alipigwa. Mshahara wake wa miezi ile ni deni kamili, halina nusu wala theluthi, na Mtume amefundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Lile jasho limekwisha kauka na kukauka. Mwalimu wa madrasa ni shauri la namna nyingine, kwa sababu hakufundisha. Watoto walikatazwa kukusanyika. Kwa hukumu ya ujira mtu hawezi kudai ujira wa kazi isiyofanyika. Lakini walimu wetu hawana mshahara wa mwezi, wana ile ada ya Alhamisi wanayoleta watoto. Ilipokoma, wengine walikwenda kulima vibarua katika migomba ya watu, na mmoja alikwenda zake kabisa, hatujampata wa kumfuata mpaka leo. Katika ule mfungo wa pili wa mwaka 2021 serikali iliwapa watu wapatao nusu milioni shilingi 100,000 kila mmoja kwa njia ya simu, na walimu wa shule za binafsi walitajwa miongoni mwao. Lakini zile zilikuwa za wakazi wa majiji na manispaa. Mbarara wapo waliopata. Kikagate si jiji. Kwa hiyo kwa walimu sisemi deni, nasema haya. Tuone haya, na Jumuiya iwe na akiba ya miezi mitatu ya walimu, isiyoguswa kwa rangi wala kwa kapeti.

Sasa nataka kusema na wale wenye uwezo. Mtume amefundisha kwamba tajiri kumchelewesha mwenzake haki yake ni dhuluma. Wamo watu waliofungiwa mwaka 2020, wakafunguliwa, wakanunua pikipiki, wakaezeka nyumba, wakaoza binti kwa mbuzi wanane, na bado wakiulizwa juu ya deni la siku zile husema, si unajua ilikuwa Korona? Tunajua ilikuwa. Huyo hafungwi na aya ya aliyedhikika, kwa sababu dhiki yake imekwisha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na kwa mtu huyu naona matanga amemwachia mdai peke yake.

Na deni haliishi kwa kufa. Siku moja liliwekwa jeneza mbele ya Mtume ili aliswalie. Akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa ana dinari mbili. Akawaambia masahaba wamswalie wenyewe. Ndipo Abu Qatada aliposimama akasema dinari mbili zile ni juu yake, na Mtume akaswali. Nakumbusha habari hii kwa sababu hapa kwetu, tangu mwaka ule, tumezika watu kadhaa waliokuwa na madeni ya siku za kufungwa, na kila mara imamu anapouliza kaburini nani anadai, watu hutazama chini, maana nani atasema mbele ya mjane kwamba anadai kodi ya kibanda? Wakinyamaza kwa kusamehe, Mungu awalipe. Lakini najua wengine hunyamaza kwa aibu, kisha wiki ya pili wanabisha hodi kwa watoto wa marehemu. Heri kusema siku ile, akatokea Abu Qatada.

Zaka ina mafungu manane, na moja ni la wenye madeni. Mwaka hadi mwaka sisi hutoa kwa mafukara na maskini, na fungu hili la wadaiwa hatulikumbuki, labda kwa kuwa mdaiwa huvaa kanzu safi akaonekana ana kitu. Kamati imenikubalia jambo hili, na Ndugu Mwenyekiti ameniruhusu nilitangaze. Wazee watatu na mama mmoja, kwa ajili ya akina mama wasiopenda kusema mbele ya wanaume, watakaa barazani mwa msikiti kila Jumamosi baada ya Alasiri. Atakayekuja ni mdai na mdaiwa pamoja, au mmoja wao, na wataitiwa wa pili kwa adabu. Kwanza wataandika kiasi cha deni, kwa nakala mbili. Pili watatazama kama ni deni la manufaa yaliyopatikana au la mlango uliofungwa. Aliye na uwezo atapangiwa siku. Asiye na uwezo, na ikathibitika, sehemu ya deni lake italipwa kutoka fungu la wadaiwa, mdai naye ataombwa aache sehemu, ataombwa, halazimishwi. Hapatakuwa na polisi, wala jina la mtu halitasomwa juu ya mimbari, wala baraza halitapokea chai kutoka kwa upande wowote. Deni la mtu asiye Mwislamu litaandikwa kama deni jingine lolote. Na wengi tunaowadai na wanaotudai ni Wakristo majirani zetu, wasije wakaambiwa kwamba baraza lile ni la kuwakimbia.

Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu. Wenye madaftari waje nayo, hata yale yaliyoliwa na panya. Aliye Nakivale na asiyekuwa na nauli aandike karatasi ampe imamu wa msikiti wake, itafika. Na wale wawili niliowataja mwanzoni, wanaopishana milango, mimi nimekwisha zungumza nao kila mmoja kwa nafasi yake, na wote wawili wameniambia watakuja.